Anwani Isiyohama: Maktaba za Utafiti na Majarida Madogo ya Katanga na Lualaba

Mhadhara kwa walimu, wakutubi, wahariri wa majarida na wakazi wa Manika, Kolwezi



Nina neno moja la kusema, na nitalitanguliza ili atakayelazimika kuondoka mapema aondoke nalo. Jarida dogo linalochapwa hapa kwetu haliwezi kusalimika kwenye intaneti kwa sababu tu limepata tovuti. Tovuti kijana mmoja mwenye kompyuta ataijenga wiki hii na kuisahau mwaka ujao. Jarida linahitaji mlezi asiyestaafu, asiyehamishwa, ambaye hataaga dunia na nywila mfukoni. Katika chuo mlezi wa namna hiyo ni mmoja tu, naye ni maktaba.

1. Kiswahili chetu kilichohifadhiwa Amsterdam

Tuanzie nyumbani. Mwaka 1953 Padri Placide Tempels alihamia Ruwe, hapa Kolwezi, na katika kambi za wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière ikazaliwa harakati ya kidini iliyoitwa Jamaa. Sifa za Jamaa ndizo zilizomleta huku, mwaka 1966, mtafiti kijana aliyeitwa Johannes Fabian. Alikuja kuchunguza dini, akanaswa na lugha. Miaka ya 1970 alirudi kufundisha Lubumbashi, akarekodi mazungumzo marefu na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, maigizo ya kundi la Mufwankolo, na maneno ya mganga mmoja wa mjini humo. Yote yalikuwa katika Kiswahili cha Katanga, kile tunachozungumza sokoni na kambini.

Kanda zilipoandikwa zikawa kurasa mamia kwa mamia. Ni mchapaji gani angekubali kuzichapa kwa ajili ya wasomaji wachache? Fabian na mwenzake Vincent de Rooij, wakiwa Chuo Kikuu cha Amsterdam, walichagua njia nyingine: jarida la intaneti lisilo na karatasi, lililoshughulikia lugha na utamaduni wa watu wa kawaida Afrika, na pembeni yake hifadhi ya matini za Kiswahili. Humo iliingia mwaka 2001 historia ya Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa majumbani. Matini hiyo ilipigwa taipureta na kurudufishwa, nakala zikagawanywa kwa mkono. Karatasi za namna hiyo huishia jikoni kuwashia makaa. Hii haikuishia huko. Leo mwanafunzi wa Manika anaifungua kwenye simu yake bila kulipa chochote isipokuwa mega zake.

Nina mambo mawili ya kusema juu ya habari hii. Kwanza, inathibitisha kwamba jarida dogo sana, lenye wahariri wawili na lugha ambayo wengi waliiita mbovu, linaweza kusomwa duniani kote. Mwaka 2008 Fabian alitoa kitabu kizima kuhusu hilo: namna uandishi wa mtafiti unavyobadilika pale msomaji anapoweza kufungua matini yenyewe na kumhakiki. Pili, inatuuliza swali la aibu kidogo. Kwa nini Kiswahili cha Katanga kilipata makazi ya kudumu Uholanzi, na majarida ya Katanga yaliyochapwa na Wakatanga wenyewe hayajapata?

2. Tulivyochapa na tulivyopoteza

Watu wa nchi hii wamechapa sana. Mwaka 1945 kitabu cha Tempels juu ya falsafa ya Kibantu kilitolewa Elisabethville, na nyumba ya Lovania, kabla ya kusikika Paris. Mwaka 1946 kituo cha CEPSI kilianza kutoa jarida lake juu ya matatizo ya jamii. Mwaka 1957 Union Minière ilianza kuwachapia wafanyakazi wake Mwana Shaba, na wazee wengi waliomo humu walijifunza kusoma kwa gazeti hilo zaidi ya kwa kitabu chochote. Chuo Kikuu kilifunguliwa Elisabethville mwaka 1956. Katika miaka ya 1970 wanahistoria wake walichapa Likundoli, na wanaisimu nao wakawa na machapisho yao. Kinshasa, Wajesuiti walianzisha mwaka 1961 jarida ambalo mwaka 1966 lilipewa jina la Congo-Afrique, likawa Zaïre-Afrique, kisha likarudia jina lake.

Sasa jaribuni kutafuta mfululizo kamili wa mojawapo ya majarida ya Katanga ndani ya mkoa huu wa Lualaba. Mtapata toleo la tatu bila la nne. Sababu mnazijua. Mei 1978 vita viliingia ndani ya mji huu. Mwaka 1991 ukaja uporaji. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya majirani zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa wakapakiwa kwenye treni, na mwalimu anayekimbia na watoto habebi kabati la majarida. Yaliyosalimika yakaliwa na mchwa, yakanyeshewa, au yakauzwa kwa kilo kwa wafunga karanga.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sisi daftari tulikuwa nalo. Kosa letu ni kuliweka mahali pamoja tu.

3. Jarida dogo linavyokufa

Chunguzeni jarida lolote la idara ya chuo. Lina mhariri mmoja mwenye moyo, ambaye ndiye anayesoma makala, anayemfuata mchapaji na anayedai michango. Waandishi huchangia gharama, kwa sababu asistenti hapandi cheo bila machapisho. Nakala zinatoka, mia chache. Waandishi wanachukua zao, wakubwa wanapewa zao, zilizobaki zinawekwa chini ya meza. Anayehitaji makala hiyo akiwa Likasi, Bukavu au Dar es Salaam hajui hata kama ipo. Mhariri akistaafu au akiteuliwa serikalini, toleo linalofuata halitoki.

Wengi hudhani intaneti itaponya ugonjwa huu. Inaweza kuuzidisha. Karatasi iliyosahauliwa chini ya meza inaweza kukaa miaka hamsini ikaokotwa. Tovuti isiyolipiwa ada ya mwaka hutoweka usiku mmoja, na hakuna meza ya kuchungulia chini yake. Mikael Laakso na wenzake walionyesha, katika utafiti uliochapwa mwaka 2021, kwamba majarida 174 ya kusomwa bure yalifutika kwenye intaneti kati ya mwaka 2000 na 2019, ya fani kuu zote na ya maeneo yote ya dunia. Mengi yalikuwa ya vyama vya wanazuoni na vyuo, yaani majarida kama yetu.

Kwa hiyo tukisema tunataka kupeleka majarida yetu mtandaoni, swali la kujibu kwanza ni hili: mhariri wa leo akiondoka, nani atabaki na ufunguo?

4. Maktaba zilizoifanya kazi hii

Wenzetu wamelijibu, na wengi wa waliolijibu vizuri ni wakutubi.

Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, kilikuwa na mwalimu aliyeitwa John Willinsky, ambaye mwaka 1998 alianzisha mradi wa kufanya elimu ya watafiti isomwe na umma. Humo ikatengenezwa programu ya Open Journal Systems, ambayo mhariri huitumia kupokea makala, kuzipeleka kwa wahakiki, kuzirekebisha na kuzitoa. Ni programu ya bure. Lakini programu ya bure nayo huhitaji watu wa kuitunza, na mwaka 2005 maktaba ya Chuo Kikuu cha Simon Fraser iliuchukua mzigo huo. Leo maelfu ya majarida duniani yanaitumia, yakiwemo ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Sweden, maktaba za Chuo Kikuu cha Lund zilianzisha mwaka 2003 orodha ya majarida ya kusomwa bure, inayoitwa DOAJ. Ilianza na majarida 300. Leo mtafiti akitaka kujua kama jarida ni la kweli au la walaghai, huanzia hapo. Marekani, maktaba ya Chuo Kikuu cha Michigan State ilikusanya majarida ya Kiafrika yaliyokuwa yamechapwa kwa karatasi tu, likiwemo Utafiti la Dar es Salaam, ikayaskani na kuyaweka wazi. Na mwaka 1998 shirika moja la Oxford lilianza na majarida kumi ya Kiingereza kutengeneza African Journals Online, ambayo mwaka 2005 ilihamia Afrika Kusini.

Mfano unaonigusa zaidi unahusu lugha yetu. Swahili Forum ilianza mwaka 1994 Köln, Ujerumani, ndani ya jarida lingine la masomo ya Kiafrika. Baadaye ilihamia Mainz, kisha Leipzig. Wahariri walibadilika, miji ikabadilika, kurasa za tovuti zikabadilika. Hata hivyo makala zake zimewekwa katika hazina ya kidijitali ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Leipzig, na kila makala imepewa namba ya kudumu. Mwandishi aliyeitaja kwa namba hiyo hatamtuma msomaji wake kwenye ukurasa uliokufa. Jarida limepita nyumba tatu, anwani ya makala ikabaki palepale. Hicho ndicho maktaba inachokitoa na mhariri peke yake hawezi kukitoa.

Nchini mwetu pia tuna mfano. Bamanya, karibu na Mbandaka, mapadri Gustaaf Hulstaert na Edmond Boelaert walianzisha Aequatoria mwaka 1937. Ilisimama mwaka 1962. Mwaka 1980 Honoré Vinck aliifufua kwa jina la Annales Aequatoria, ikaendelea hadi 2009, na leo inasomeka mtandaoni mahali popote. Kwa nini hiyo ilifufuka na nyingine hazikufufuka? Kwa sababu Bamanya jarida, maktaba na nyaraka vilikaa pamoja. Aliyekuja miaka kumi na nane baadaye alikuta matoleo ya zamani, barua za waandishi na vitabu vya rejea vikimsubiri.

5. Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Nieleze sasa kazi ilivyo, maana wengine wanaidhani ni ya kununua skana tu.

Hatua ya kwanza ni kuhesabu. Mkutubi anatengeneza jedwali la jarida: juzuu zipi zilitoka, mwaka gani, zipi ziko hapa, zipi ziko Lubumbashi, zipi ziko kwa mjane wa mhariri, zipi ziko katika maktaba ya jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Bila jedwali hilo mtaskani toleo moja mara tatu na jingine mtalisahau.

Hatua ya pili haigharimu faranga hata moja, nayo ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Toleo jipya likienda kwa mchapaji, linakwenda likiwa faili. Mhariri anachukua maboksi yake, faili linabaki kwenye kompyuta ya mchapaji mpaka siku kompyuta hiyo itakapoharibika. Nawasihi: mchapaji asimaliziwe malipo kabla hajakabidhi faili la mwisho, na siku hiyohiyo faili lifike maktaba. Jarida likifanya hivyo kuanzia leo, halitaskani tena toleo lolote la mbele.

Hatua ya tatu ni kuskani yaliyo ya zamani. Nukta 300 kwa inchi hutosha kwa maandishi ya kawaida. Herufi ndogo na picha zinataka 400. Picha halisi ya kila ukurasa hutunzwa ikiwa kubwa, katika TIFF, kwa ajili ya hifadhi. Ya msomaji inakuwa PDF nyepesi, maana wasomaji wetu wako kwenye simu na wananunua mega kwa siku. Kisha programu ya kutambua herufi inapita juu yake, ili maneno yatafutike. Tesseract, ambayo ni ya bure, inakijua Kifaransa na Kiswahili pia. Kiluba, Kisanga na Kindembu vyenye alama za toni vitahitaji jicho la mtu.

Hatua ya nne ni kukata. Toleo zima lililopakiwa kama faili moja la kurasa 200 ni sawa na kutopakiwa. Injini za kutafutia makala za kisayansi zinataka kila makala iwe na ukurasa wake, ikiwa na jina la mwandishi, kichwa, mwaka na muhtasari.

Hatua ya tano ni namba. ISSN, tarakimu nane zinazotambulisha jarida, mara nyingi hutolewa bila malipo. Kituo chake cha kimataifa kiko Paris, na toleo la mtandaoni linataka namba tofauti na la karatasi. Kwa kila makala kuna DOI. Shirika la Crossref, linalosajili namba hizo, liliondoa ada zake kuanzia Januari 2023 kwa taasisi za nchi maskini zaidi, na Kongo imo kwenye orodha. Ambaye hata seva hana anaweza kuweka makala zake Zenodo, hazina iliyofunguliwa mwaka 2013 na kituo cha CERN kule Geneva, nayo itampa DOI bure.

Hatua ya sita ni nakala nyingi. Maktaba za Stanford zilianzisha mwaka 1999 mpango wa LOCKSS, ambao msingi wake ni kwamba kitu hubaki salama kikiwa na nakala nyingi katika mikono mingi. Majarida yanayotumia Open Journal Systems yanaweza kuingia bure katika mtandao wa hifadhi wa namna hiyo. Sisi tuliopitia 1978 na 1991 hatuhitaji profesa kutueleza maana yake. Nakala moja ikae Kolwezi, moja Lubumbashi, na moja nje ya nchi.

6. Suala la majina

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mkutubi wa Kolwezi anapomzidi fundi yeyote wa kompyuta duniani.

Chukueni makala iliyochapwa mwaka 1965 Elisabethville, nyingine ya 1975 Lubumbashi, na nyingine ya 1998. Mwandishi anaweza kuwa yuleyule, na mji ni uleule, lakini mashine itaona watu watatu na miji miwili. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu iliagiza majina ya Kikristo yaachwe. Valentin-Yves Mudimbe, aliyefundisha Lubumbashi miaka hiyo, anaonekana pia kama Mudimbe Vumbi Yoka, na kwingine kama V. Y. Mudimbe tu. Yeye ni maarufu, watu watamtambua. Je, vipi kuhusu asistenti aliyeandika makala mbili tu maishani mwake, moja akiitwa Joseph na nyingine akiitwa kwa jina la babu yake? Asipounganishwa, nusu ya kazi yake imepotea ingawa inaonekana.

Vivyo hivyo na mahali. Elisabethville ikawa Lubumbashi, Jadotville ikawa Likasi. Katanga ikawa Shaba, ikarudi kuwa Katanga mwaka 1997, na mwaka 2015 mkoa ukagawanywa, nasi tukawa Lualaba. Ruwe wengine wanaiita Mutoshi. Union Minière ikataifishwa mwaka 1967, ikapita katika majina mengine mpaka ikawa Gécamines. Mwanafunzi anayetafuta habari za maji ya hapa kwetu kwa kuandika jina la mkoa wa leo hatapata kitu kilichoandikwa chini ya Shaba, wala hatajua kwamba amekosa.

Maktaba ina ustadi wa zamani wa kutatua jambo hili: kadi moja ya jina lililokubaliwa, na chini yake majina mengine yote yakielekeza hapo. Kazi hii haifanyiki Amsterdam wala Vancouver. Inafanywa na mtu anayejua kwamba papa fulani wa mtaa wa Kapata ndiye aliyeandika kwa jina lile. Wazee wanaojua wanaondoka kila mwaka. Skana itasubiri, wazee hawatasubiri.

7. Haki, fedha na umeme

Kuna wanaouliza: mnaruhusiwa kuweka makala za watu hadharani? Sheria yetu ya haki za waandishi, ya tarehe 5 Aprili 1986, inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo kwa matoleo ya zamani tuwaandikie waandishi walio hai na familia za waliofariki, tutunze barua za ruhusa, na tuwe tayari kuondoa makala ya anayekataa. Kwa matoleo mapya ni rahisi: mwandishi asaini karatasi moja siku makala yake inapokubaliwa, akibaki na haki yake na kuruhusu isomwe na kunakiliwa kwa leseni ya wazi kama zile za Creative Commons. Mhariri asimpokonye mwandishi haki, na chuo kisimpokonye mhariri jarida lake. Maktaba ni mlezi. Anayeamua kinachochapwa ni mhariri na wahakiki wake.

Fedha? Nimekwisha kusema kwamba programu na DOI vinapatikana bila malipo, na ISSN mara nyingi vilevile. Gharama halisi ni mtu. Anahitajika mkutubi mmoja ambaye kazi hii imeandikwa katika majukumu yake, asiyeifanya saa tisa alasiri kama hisani. Pili ni seva ya kukodi, na hapo ndipo umeme unapoingia. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yako jirani, lakini nani hapa hajakaa gizani jioni wakati taa za mgodi zinawaka? Seva isiwekwe katika chumba cha chuo. Ikae panapo umeme usiokatika, na nakala kamili ibaki kwetu.

Wanaouliza fedha zitatoka wapi nawakumbusha Sheria ya Madini ya mwaka 2018. Inasema asilimia 15 ya mrabaha wa madini iende kwa serikali ya eneo ambamo mgodi umo, na inazitaka kampuni kutenga 0.3 ya kila mia ya mauzo yao kwa maendeleo ya wakazi. Shule, visima na barabara vitangulie, hilo silibishi. Lakini mshahara wa mkutubi mmoja na kodi ya seva moja ni fedha ambazo mgodi mmoja hapa huzipata kabla ya chakula cha mchana. Tena kilichomo katika majarida hayo ni pamoja na utafiti wa udongo, maji, afya ya wachimbaji na historia ya mitaa iliyohamishwa. Wakazi wanaojadiliana na kampuni wana haki ya kusoma utafiti uliofanywa juu ya ardhi yao.

Na gharama ya kutofanya lolote? Tayari tunailipa. Asistenti wetu anayehitaji makala mbili ili apande cheo anapokea barua tamu kutoka majarida ya mtandaoni yanayodai dola, yanayokubali kila kitu bila kusoma. Analipa, makala inatokea, na baada ya miaka michache tovuti inazimwa. Fedha hizo zingetosha kulifufua jarida la idara yake.

8. Lugha ya msomaji

Majarida yetu yameandikwa Kifaransa, na yataendelea hivyo. Lakini mwenye kisima Manika, mhudumu wa mama wajawazito Dilala na mchimbaji wa mkono hawasomi makala ya kurasa ishirini za Kifaransa. Napendekeza kila makala, mpya au ya zamani, ipewe muhtasari wa Kiswahili wa nusu ukurasa, ulioandikwa na mtu wa hapa kwa Kiswahili kinachoeleweka hapa. Utafungua mlango wa pili pia: mtafiti wa Kigoma, Mombasa au Zanzibar anayetafuta kwa Kiswahili atakutana na Kolwezi, mahali ambapo kwa kawaida husikia habari zake kupitia bei ya kobalti.

9. Ninachowaomba

Kwa wahariri: leteni maktaba faili mlizonazo, kama zilivyo, hata za matoleo yaliyochapwa vibaya. Msisubiri kupanga vizuri. Asiyekabidhi akiwa hai anawaachia wanawe boksi wasilojua thamani yake.

Kwa wakutubi: anzeni na jarida moja, lile lenye mhariri aliye hai na matoleo machache. Likamilisheni kutoka jedwali hadi namba ya kudumu. Mkishaonyesha moja, ya pili itakuja yenyewe mlangoni. Na kabla hata ya hilo, fungueni faili la majina, muwatembelee wazee.

Kwa wakuu wa vyuo vya Kolwezi: hakuna sababu kila chuo kiwe na seva yake, nywila zake na fundi wake. Fanyeni huduma moja ya majarida ya Lualaba, iliyo chini ya maktaba, kwa mkataba ulioandikwa na Chuo Kikuu cha Lubumbashi kwa ajili ya nakala ya pili. Mkataba useme wazi nani anashika ufunguo na nani anaushika wa kwanza akiondoka. Sheria ya mwaka 1974 inatudai tayari kuweka nakala za machapisho yetu katika Maktaba ya Taifa. Tuifuate kwa karatasi na kwa faili vilevile.

Na kwa ninyi wapapa na wamama: angalieni kabatini. Mwenye Mwana Shaba za zamani, mwenye jarida la CEPSI lililoachwa na baba yake, mwenye kijitabu kilichorudufishwa cha chama, cha kanisa au cha kambi, asikitupe na asikiuze kwa kilo. Kileteni kiskaniwe, mrudi nacho nyumbani siku hiyohiyo. Mfululizo wa majarida yetu hauwezi kukamilishwa na chuo peke yake, kwa sababu sehemu kubwa yake iko kwenu.

 Sasa ni zamu ya maswali, na ningependa wahariri watangulie.